Darasa Lililozaliwa Siku Moja

Machochwe, Serengeti
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na magoti yako, maana najua hata nikikuletea habari kubwa namna gani utaniuliza kwanza kwa nini sijayaulizia. Ile dawa ya kuchua inasaidia? Na kahawa mmeshaanika, au mvua za Mbinga bado zinawachezea? Mimi ni mzima kabisa. Vumbi la huku linaingia hata kwenye sahani iliyofunikwa, na maji tunayachota mbali, lakini ugali upo, nyama ipo, na shingo imeanza kunenepa.

Sasa kaa vizuri, maana leo nimekuja kukiri kosa. Unakumbuka siku naondoka, uliniwekea kwenye begi kile kitabu cha picha cha siku za kuzaliwa, chenye maneno ya vina, ulichowasomea watoto wa chekechea mpaka kikaachia mgongo? Mimi nikakitoa, wewe ukakirudisha, nikakitoa tena. Nikakwambia, "Mama, mimi ni mwalimu wa hesabu, nakwenda kufundisha darasa la saba, siendi kuimba." Wewe ukaendelea kunikunjia mashati. Nilipofika hapa na kufungua begi, kitabu kipo chini ya mashati. Na mwalimu mkuu aliponipokea alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Karibu sana, Mwalimu Festo. Darasa la pili halina mtu." Umeshinda, Mama. Cheka kwanza, halafu uendelee kusoma.

Watoto wa hapa wengi wanakutana na Kiswahili shuleni. Nyumbani ni Kikurya kuanzia kuamka hadi kulala. Nilifundisha silabi wiki nzima, wakanitazama kwa adabu tu, kama wageni waliokosa mkalimani. Basi siku moja, kwa hasira na aibu, nikachukua kitabu chako. Nikafungua ule ukurasa wa keki yenye mishumaa, nikasoma kwa sauti yako, ile ya kupandisha mwishoni:

*Nani leo kazaliwa?*
*Asimame kugawiwa!*

Wakacheka. Wakataka tena. Chacha, mtoto ambaye hanyamazi hata akila, akanyoosha kidole: "Mwalimu, ule mkate wanauchoma kwa nini?" Mishumaa wanaijua, huwashwa usiku taa za sola zikizima. Juu ya chakula hawajawahi kuiona. Lakini vina viliwakaa. Wakati wa mapumziko nikawasikia uwanjani wameshabadilisha: "Nani leo kazaliwa? Njoo upewe maziwa!"

Nikajiona mjanja. Nikasema kila mtoto tutamwimbia siku yake. Nikasimama mbele na kutangaza, "Waliozaliwa Januari, wasimame." Wakasimama karibu wote. Nikadhani hawajanielewa, nikawakaripia, wakakaa. Nikarudia polepole. Wakasimama tena walewale. Nikafungua daftari la mahudhurio. Mama, isipokuwa mapacha wa nesi wa zahanati, darasa langu lote lilizaliwa tarehe moja Januari! Nilikimbia kwa mwalimu mkuu nikidhani nimegundua jambo. Akacheka mpaka akavua miwani. "Fomu ya kuandikisha haitaki nafasi tupu," akasema. "Mzazi akisema hajui tarehe, tunaandika moja Januari, tunaendelea na kazi." Na siku hiyo shule zimefungwa, kwa hiyo hakuna hata mmoja ambaye angewahi kuimbiwa.

Nikawatuma nyumbani wakaulize tarehe zao. Hapo ndipo nilipoharibu. Wazazi wakajiuliza huyu mgeni anahesabu umri wa watoto wetu ili iweje. Asubuhi iliyofuata mlangoni mwa darasa langu alisimama Marwa, baba yake Bhoke, na fimbo yake ya kuchungia mkononi.

Ngoja nikueleze huyo binti Bhoke. Hukaa dawati la mbele, macho makubwa, kichwa kimenyolewa. Tangu darasa la kwanza hakuwa ametoa neno hata moja darasani. Siyo kwamba ni bubu, kwao anaongea. Kwangu alikuwa anatingisha kichwa tu, na kusoma hakujua.

"Mwalimu," Marwa akasema, "tarehe ya mtoto wangu unaitakia nini?"

Nikamwonyesha kitabu. Akakishika kwa mikono miwili, akakiangalia ukurasa kwa ukurasa. Kisha akasema, "Mura, kijana, mimi nakwambia wazi. Huyu hapa kwako hasemi. Miaka miwili hasomi. Nimengoja. Siku ya mkutano wa wazazi nitakuja mwenyewe nimsikie. Asiposoma, anabaki nyumbani na mbuzi. Sitaki maneno."

Nikakubali, ningefanya nini? Alipogeuka kuondoka akasimama. "Na hiyo tarehe yako siijui. Tembo ninawajua. Siku hiyo tembo walitoka porini wakaingia kwenye mahindi, watu wote wakagonga ndoo na sufuria kuwafukuza, na mama yake yuko ndani, mtoto anatoka. Kelele ile, hata kilio chake hatukukisikia." Akaenda zake.

Bhoke alikuwa dawati la mbele. Alisikia kila kitu.

Kesho yake alikuja mezani kwangu kabla ya wenzake, akaweka kidole juu ya daftari langu tupu, akasema, "Tembo." Neno la kwanza, Mama. Nilitamani kuruka dirishani nikatafute mtandao nikupigie. Badala yake nikachukua kalamu nikaandika hadithi yake, kwa vina, kama kitabu chako:

*Tembo walikuja kwetu,*
*wakala mahindi yetu,*
*tukagonga ndoo zetu,*
*Bhoke nikaja kwa watu!*

Tangu siku ile sikuuliza tarehe tena. Niliuliza, "Siku hiyo kulikuwa na nini?" Hadithi zikaja mpaka nikakosa karatasi. Mmoja alizaliwa upepo ulipong'oa bati, mwingine ng'ombe walipovuka mto umejaa. Tukakata maboksi ya sabuni, kila mtoto ukurasa wake na picha yake, tukashona kwa uzi wa gunia. Kila asubuhi tunaimba ukurasa mmoja, mwenye siku anasimama. Bhoke ukurasa wake nilimkatia vipande vya silabi, te, mbo, wa, ka, la. Akawa anavipanga na kuvivuruga chini ya dawati, midomo ikicheza. Lakini nilikuwa na hofu moja iliyonikosesha hamu ya kula: je, anasoma, au amekariri?

Siku ya mkutano ikafika. Wazazi walijaa, wengine wakakaa madirishani. Bhoke akasimama na ukurasa wake, akausoma wote, kwa sauti ambayo nyuma walisikia. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaanza kupumua.

Marwa akainuka. "Hiyo amekariri," akasema. Sikumlaumu, kwa sababu hofu yake ilikuwa ndiyo yangu. Hakuwa mkali, Mama, alitaka ukweli tu. Akanisogelea, akaninong'oneza, "Andika yangu. Yangu hajawahi kuisikia."

Akanieleza sikioni. Siku aliyozaliwa yeye Marwa, mama yake alikuwa shambani akivuna wimbi, ule ulezi wetu wa uji. Nikageukia ubao. Vina vilinigomea, watu wote wakingoja. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, nikakaa pembeni.

Bhoke akasogea ubaoni. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Bi... bi. Bibi. A-li... alivuna... wimbi." Akavuta pumzi. "Jua kali, te... tena vumbi." Kidole kikashuka mstari wa tatu. "Kabla ka... kapu hali... halija... halijajaa." Hapo akasimama kabisa. Nikaona kidole chake kimegandia kwenye neno lililofuata, nikafumba macho, nikasema basi, tumeishia hapa.

Kumbe alikuwa ameshalisoma. Alikuwa amegeuka kumtazama baba yake, anajizuia kucheka.

"Baba akaja na njaa!"

Chumba kizima kilipasuka! Akina mama wakapiga vigelegele, mwalimu mkuu akavua miwani tena, Chacha akapanda juu ya dawati na sikumkataza. Marwa alicheka akishika mbavu, machozi yanamtoka. Kisha akamwinua binti yake mbele ya watu, akasema kwa sauti, "Mbuzi nitachunga mwenyewe!" Nililia, Mama. Kwa nini nikufiche, nililia kama mtoto. Jumatatu akaleta kibuyu cha maziwa ya mgando, darasa lote likanywa, na wimbo wao ukawa kweli.

Nisalimie dada Stela na umwambie kitenge nimekipata. Msalimie mjomba fundi baiskeli, na bibi wa jirani anayenidai salamu tangu Krismasi. Kitabu chako nimekishona mgongo kwa uzi uleule wa gunia, kiko salama.

Limebaki jambo moja. Juzi Bhoke alinifuata akaniuliza, "Mwalimu, na mama yako alizaliwa siku gani?" Kitambulisho chako nacho kinasema tarehe moja Januari, na mimi miaka yote nimekula pilau la mwaka mpya bila kukuuliza. Kwenye kitabu chetu tumekuachia ukurasa. Tafadhali niandikie siku hiyo kulikuwa na nini, hata kama ulisimuliwa tu. Ila andika kwa herufi kubwa, zilizoachana vizuri, kama ulivyokuwa ukiandika ubaoni. Barua yako sitaifungua mimi. Ataifungua Bhoke, na ndiye atakayeisomea darasa.

Ni mimi mwanao uliyenishinda,
Festo