Vyuma vya Mkono wa Mama

Ziwani, Mtwara

Kaka Ussene,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Madalena, maana kesho anavuka Ruvuma kuja huko kwenu. Korosho zimeanza kudondoka, na yule mbuzi wako amezaa pacha.

Sasa habari za mama. Kwenye simu nilikuambia mkono unapona, lakini nilikuficha. Alipowekewa vyuma mara ya kwanza alitangaza kijiji kizima kwamba mkono wake hauvunjiki tena. Unyago wa binti yangu ulipofika, akashika mchi akatwanga makopa ya muhogo na wenzake. Skrubu zikang'oka kwenye mfupa. Kaka, nilidhani watamkata mkono.

Walimpasua upya. Daktari alinieleza kwamba mfupa wa mzee ni laini, skrubu za kawaida hazikupata pa kushika. Hizi za sasa zina meno hata kichwani, zinajikaza kwenye bamba lenyewe la chuma lililolazwa juu ya mfupa, vyote vinakuwa kitu kimoja.

"Lakini mama, chuma kinashikilia tu," akamwambia. "Unaojiunga ni mfupa. Uuache ufanye kazi yake."

Tuliporudi nikauficha mchi. Juzi picha imeonyesha mfupa umeunga vizuri, alhamdulillahi, basi jana nikamwambia mchi uko kwa Bi Asia, yule jirani ambaye mama hasemi naye. Alinishushia kofi la mgongo kwa mkono uleule! Nilikaa chini nikacheka mpaka nikalia.

Mdogo wako, ambaye mgongo bado unamuwaka,
Somoe