Mwenye Nyumba wa Tabora

Mzee Ruhaga,

Kumbe Tabora hakuna mtu. Wiki ya tatu hii, na bado nikiamka asubuhi naona kama nimeota. Miaka mitano nimefagia ua wa nyumba ile ya vyumba sita hapa Kasulu, nimewaonyesha wapangaji vyumba, nimegombana nao kwa ajili ya choo, nikijua mwenyewe yuko Tabora na wewe ni mtu wake tu wa kumwangalizia. Na nilimsema vibaya huyo mtu! Nilimwita bahili mbele yako, ile masika bati la chumba cha nne lilipovuja juu ya kitanda cha nesi. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Nitamfikishia, Yasinta," ukasema, "nitamwambia unamwita bahili." Kesho yake ukaja na misumari na lami, ukapanda juu ya paa mwenyewe, na umri wako ule. Sikujiuliza kitu.

Acha nikueleze yaliyotokea, maana uliondoka ghafla na hukuaga mtu.

Tulipomaliza matanga, ukoo ulikaa nyumbani kwako kufungua sanduku lako la bati. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu. Mwanao Anatoli akatoka na karatasi mkononi, akaniita kwa jina langu kamili kama mwalimu anayeita mahudhurio. Akaisoma mbele ya watu. Sikumwamini, nikaichukua mkononi mwake, Mungu anisamehe, niliichukua kama naipokonya. Unajua ninavyosoma polepole, hiki kisomo cha watu wazima ulichonisukuma niende mpaka nikaenda. Nikasoma herufi moja moja. Karatasi ya kiwanja. Mwenye kiwanja na nyumba: Yasinta binti Ntahondi, wa Titye. Chini yake dole gumba langu.

Imana wee, Mungu wangu!

Nikaikumbuka siku ile. Nilikuwa nimetoka Titye na mtoto mgongoni, mume kanifukuza, na wewe ukanipa chumba cha mwisho na kazi ya kuitunza nyumba. Ukatoa kidau cha wino. "Weka dole hapa, mwanangu, ni karatasi za kazi." Wakati ule hata a na u sikuzijua. Nikaweka, nikakushukuru kwa magoti.

Mkeo alinitazama, Mzee. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Wewe ulikuwa nani kwake?" na wanawake wote wakaacha kukoroga. Nilitamani ardhi inimeze. Niliapa kwa Mungu na kwa mtoto wangu kwamba hukuwahi hata kuingia chumbani kwangu, na kadiri nilivyoapa ndivyo nilivyoonekana mwongo. Mdogo wako ndiye aliyeniokoa. Akasema, "Ruhaga alikuwa diwani. Tangu Azimio la Arusha, kiongozi haruhusiwi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mke wake anahesabiwa pamoja naye. Mlitaka aandike jina la nani?"

Kwa hiyo ulitafuta mtu asiyejua kusoma. Nimekasirika, nakuambia wazi, hata kama marehemu hasemwi. Lakini halafu mtu huyohuyo ukamsukuma akajifunze kusoma! Ukamnunulia na daftari. Hapo ndipo akili yangu inapogota. Ulitaka siku moja niisome? Ungeniambia tu, Mzee. Mdomo ulikuwa nao.

Nilidhani mshtuko umekwisha. Siku mbili baadaye Anatoli akaja mlangoni kwangu peke yake, na sukari kilo moja, mpole kama anaposa. "Dada Yasinta, wewe kaa na jina lako hivyohivyo. Mimi nami wamenipandisha cheo kule Kibondo, siwezi kuonekana na nyumba ya wapangaji. Watu wakiuliza, tuseme mwenyewe yuko Tabora."

Udongo wa kaburi lako haujakauka, na yule mtu wa Tabora anafufuliwa! Nikamuuliza, "Na mama yako je?" Akajibu, "Mama hajui mambo ya nyumba." Akaacha sukari kwenye kizingiti, akaenda zake.

Nisikudanganye, nilifikiri. Kwa karatasi nyumba ni yangu, na mimi sina hata mgomba mmoja wa kwangu duniani. Nilipita mlango kwa mlango nikizigusa kuta. Lakini nyumba ile ingenikalia vibaya. Mji mzima ungesema nimeipata kitandani, na mkeo angekufa akiamini hivyo. Hilo sikuliweza.

Nikaenda kwake. Hakunipa kigoda. Nikasema nikiwa nimesimama, "Mama, mjane wa kiongozi si kiongozi. Sasa hakuna anayekukataza. Twende ofisini iandikwe jina lako, ijulikane." Alikuwa anachambua maharage. Akachambua mpaka ungo ukaisha, mimi nimesimama tu. Mwishowe akasema, "Mimi sijapangisha hata banda la kuku. Huwa mtu anaanzia wapi?"

Nikafungua kinywa, na yakatoka mashauri yote uliyokuwa ukiniletea kutoka Tabora yako. Kwamba akitaka kuongeza vyumba, asijenge vingi kwa mpigo. Ajenge viwili, kimoja akilale mwenyewe masika nzima, maana chumba usichokilala wakati wa mvua hukijui. Kwamba mwenye kuchagua nyumba ni mke, mume anabeba godoro tu, kwa hiyo amwonyeshe mke kisima kabla hajamwonyesha chumba. Kila mlango uwe na jiko lake, kwa kuwa serikali inatuletea mwalimu wa Iringa anayekula nguruwe na karani wa Tanga asiyetaka hata kuisikia harufu yake. Watumishi ni watu wa kupita, leo yupo kesho ana barua ya uhamisho, basi asikubali kubomoa ukuta kwa kumfurahisha mmoja. Na asimpe ndugu chumba, maana siku ya kumtoa ataitiwa ukoo mzima. Wala asimkalishe mtu bure kwa kumwonea huruma. Wa bure haripoti bati linalovuja. Nilisema mpaka koo likanikauka. Hapo ndipo aliponisogezea kigoda, na hapo ndipo nilipolia, Mzee. Nililia kuliko siku ya kukuzika.

Anatoli alinuna, lakini angesema nini, na cheo chake kile?

Ofisini karani aliuliza jina la mwenye nyumba. Miaka yote hii mimi nimemjua mkeo kwa jina la Mama Anatoli. Akalitaja lake, Adela binti Bitegeko, kwa sauti kubwa hata waliokuwa kwenye foleni nje wakachungulia. Mimi nikatia sahihi, si dole. Nilisoma kila neno kwanza, na karani akachoka kunisubiri.

Tulipotoka nje Adela akatembea hatua chache, akasimama. "Yasinta," akasema, "kazi nitakulipa. Na chumba cha mwisho nacho ni chumba. Kuanzia mwezi ujao utalipa kodi kama wenzako." Kisha tukacheka, Mzee, wajane wawili, maana mimi nami niliyeachwa ni mjane wa aina yangu. Tulicheka mpaka tukashikana.

Lala sasa. Kukusamehe bado, najitahidi. Ninachokuahidi ni hiki: mpangaji yeyote atakayeniuliza mwenye nyumba yuko wapi, nitamshika mkono nimpeleke kwa Adela.

Mimi Yasinta,
mpangaji wa chumba cha mwisho.