Mgeni Asiyeandikishwa

Jumatatu, 3 Novemba

Nilikuwa Shiling tangu asubuhi, mji wa viwanda hapa China. Nanunua mikoba ya kupeleka Tanga. Laoban, bosi wa kiwanda, kapandisha bei tena, nikasema naondoka, akaniita nikiwa mlangoni. Kama kawaida. Basi la kurudi lilijaa, miguu imevimba. Nimefika Sanyuanli, mtaani kwangu, jua bado lipo. Lifti mbovu.

Kwenye ngazi, chini kidogo ya mlango wangu, mwanamke amekaa kaegemea ukuta. Mweusi kama mimi, nywele kama zangu. Nikasema, "Dada, habari? Unaumwa?" Akanijibu kwa Kihindi.

Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia. Maji, alikuwa anaomba maji. Neno hilo nalijua. Sisi wa Tanga tumekulia sinema za Kihindi. Nikamgusa paji la uso. Moto. Nimemwingiza ndani, kalala juu ya marobota ya mzigo. Kesho ataondoka.

Jumanne, 4 Novemba

Hakuondoka. Homa imeshuka kidogo kwa panadol na uji. Anaitwa Sakina. Tumezungumza kutwa nzima kwa Kihindi changu cha sinema, kwa mikono, na kwa simu inayotafsiri. Mimi najua kusema "nitalipiza kisasi cha baba yangu." Kusema "umeshiba?" sijui.

Ni Mhindi. Kazaliwa India, na mama yake, na bibi yake. Kwao ni Gujarat, kijiji kando ya msitu wenye simba. Wanaitwa Sidi. Wazee wao walitoka kule kwetu Afrika, zamani mno, hakuna anayekumbuka mji. Lugha ilipotea. Ngoma ikabaki, wao wanaiita "goma". Wanaume hucheza wamevaa manyoya ya tausi, wanawake huimba na kutikisa kayamba la kifuu cha nazi. Serikali yao imewaweka kwenye makabila yanayosaidiwa. Watoto hupata fedha za shule, baadhi yao wamejengewa nyumba, na wachezaji hupelekwa kwenye matamasha ya serikali. Sakina kafika Delhi kwa njia hiyo, kalala hotelini, karudi na zawadi.

Kwa hiyo hawakushtuka alipokuja mtu na beji shingoni, akasema serikali ina mpango mpya wa kupeleka utamaduni China. Wakampikia. Wakaja kundi zima, pamoja na Salim, kaka yake, mpiga ngoma. Walipofika hapa mtu yule akachukua pasipoti zao na simu zao. Hakukuwa na mpango wowote. Akawachezesha kwenye mabaa, akiwatangaza kuwa ni watu wa porini kutoka Afrika. Sakina alipougua aliachwa peke yake kwenye chumba cha ghorofa ya chini ya jengo hili, mlango umefungwa kwa nje. Wengine wakapakiwa kwenye gari kwenda mji mwingine. Fundi wa mabomba alipofungua mlango, Sakina akatoka, akapanda ngazi mpaka nguvu zikamwishia. Zilimwishia mlangoni pangu.

Sasa naogopa. Hapa ukimlaza mgeni lazima ukamwandikishe polisi, haraka. Nitamwandikishaje mtu asiye na pasipoti? Na kibali changu cha kukaa kinakwisha mwezi huu. Maombi yapo mezani kwao.

Jumatano, 5 Novemba

Nimemwambia Wanjiru. Ofisi yake ya kusafirisha mizigo iko jengo la pili, na mizigo yangu yote hupitia kwake. Sina mwingine wa kumwambia. Kaja, kamtazama Sakina, kanivuta jikoni.

"Mhindi? Huyu? Wee, huyu ni Mkongo ama ni wa kwetu, anakucheza. Mtoe kabla ushikwe."

Nikamwambia aongee naye mwenyewe. Kaongea Kiswahili, Kiingereza, hata Kikuyu. Sakina kamtazama tu. Wanjiru kaondoka. Jioni kaleta supu ya kuku, kaiacha mlangoni.

Mchana kuna mwanamume alisimama chini ya jengo. Kofia nyeusi. Anawaonyesha watu picha kwenye simu. Nilipopita akanionyesha na mimi: Sakina, kavaa manyoya, anacheka. Akauliza kwa Kiingereza kama namjua. Nikasema meiyou, hakuna. Nilitembea mpaka mwisho wa barabara sijui ninakwenda wapi. Nikanunua vitunguu nisivyovihitaji.

Ijumaa, 7 Novemba

Polisi.

Walianza ghorofa ya chini, nikasikia milango ikigongwa mmoja mmoja. Sakina kaingia bafuni. Nikafungua bomba la maji. Nikafungua mlango kabla hawajabisha, sijui kwa nini, nadhani ili yaishe. Wawili, vijana, wapole. Wakaomba huzhao. Nikawapa pasipoti. Nikajifanya nabeba robota. Mmoja akatazama ndani, akasikia maji. Akauliza nani yupo.

Nikasema ninafua.

Wakanirudishia pasipoti, wakapanda juu.

Nilikaa sakafuni. Kisha hasira ikaja. Nilimfokea Sakina kwa Kiswahili, maneno mabaya, kwamba nina watoto, kwamba nimehangaika miaka mingi kupata hiki kidogo, kwamba mimi si serikali yake. Hakuelewa neno hata moja, ila alielewa. Akakunja blanketi. Akavaa viatu. Akasimama mlangoni akisubiri nimfungulie, maana kitasa changu kina ugumu wake.

Sikumfungulia. Sikuomba radhi pia. Nimepika wali.

Kuna sauti moyoni inayosema bado, mtoe. Naiandika hapa kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 8 Novemba

Anakumbuka namba moja tu kwa kichwa, ya wifi yake, mke wa Salim. Nimepiga kwa simu yangu. Upande wa pili kilio, kisha kijiji kizima kikajaa kwenye kioo cha simu. Sura za Tanga. Kuna mama mmoja ni shangazi yangu mtupu, ila anaongea Kigujarati.

Salim amewapigia juzi kwa simu ya kuazima. Yuko hai. Kasema yule mtu ameahidi kurudisha pasipoti zote, Sakina akirudi kwake. Akienda polisi, hawatamwona tena Salim.

Sakina anataka kwenda. Anaonyesha dirishani, kule chini, kwa mwenye kofia. "Bhai," anasema. Kaka.

Nimemkalisha. Nimetafuta maneno kwenye simu, nikaiacha isome: Mwizi akishakupata hakuachii ndugu yako, anakuwa na wawili. Akalia sana. Mimi nilikuwa nimejikaza, nikamwambia twende Jumatatu ubalozi mdogo wa India. Akatikisa kichwa. Akajigusa ngozi ya mkono, akajigusa nywele. Hawataamini.

Wala mimi sina uhakika kama wataamini. Na tukikamatwa njiani? Na kama huo mpango ni wa serikali kweli, na mle ndani wamo wenzake yule mtu?

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeandika mara tatu nikafuta.

Mwenye kofia alikuwa pale pale mbele ya jengo. Wanjiru kaleta gari la mizigo uani, kando ya jengo, kama siku yoyote ya kupakia. Sikumwomba, alisema tu, "Nakuja na gari, usiongee sana." Tukashusha maboksi kwa ngazi, na Sakina nyuma ya maboksi, kofia ya kazi kichwani, kabeba boksi la mikoba mbele ya uso. Mwenye kofia aligeuka akatutazama. Akarudi kwenye simu yake. Wanawake watatu weusi wanabeba mzigo Sanyuanli, nani ahangaike nao.

Njiani Sakina kanishika kidole kimoja. Kila pikipiki ya polisi ilipopita alikibana.

Mlinzi wa geti la ubalozi katutazama, akatuashiria tuondoke. Akasema kwa Kiingereza, hapa ni India, Tanzania ni kwingine. Nikaeleza. Akasema bila pasipoti haiwezekani. Wanjiru kaanza kugombana. Nikaona watu kwenye foleni wanatoa simu zao, nikajua tayari, sasa polisi wataitwa, tumekwisha.

Sakina kasogea mbele. Kafungua mdomo, Kigujarati kikatoka kwa nguvu, kirefu, bila kupumua. Sikuelewa. Mzee mmoja kwenye foleni, mfanyabiashara wa vitambaa, kaacha nafasi yake akaja. Kamuuliza kitu. Sakina kajibu. Mzee kamgeukia mlinzi, sauti juu. "Huyu ni wa kwetu," alisema kwa Kiingereza ili sote tusikie. "Anaongea kama mama yangu. Mwite ofisa."

Ofisa mwanamke alitoka. Hakucheka, hakushangaa. Alituingiza, akatupa chai. Akapiga simu India, ofisi ya wilaya inayosimamia makabila yao. Tukasubiri. Nilihesabu vigae vya sakafu nikapotea. Kisha sauti ya mwanamume ikatoka kwenye simu, Sakina akaruka kutoka kwenye kiti. Ni karani aliyewahi kuwapeleka Delhi. Alimtaja yeye, mama yake, na nyumba yao waliyojengewa na serikali, ile inayovuja jikoni. Akasema wao hawakumtuma mtu yeyote China.

Ofisa akaandika kwa muda mrefu. Akasema Sakina ataishi mahali salama, kuna mfuko wa serikali wa kuwasaidia raia wao waliokwama, na kuhusu Salim na wenzake wataongea na polisi leo hii. Kisha akanigeukia. Polisi watataka kujua alilala wapi.

Nikasema najua.

Jumanne, 11 Novemba

Kituo cha polisi. Ofisa wa India alikuja nami, na mkalimani. Nilisema kila kitu, hata bomba la maji. Mkuu wao alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akauliza kwa nini sikuja siku ya kwanza. Nikasema niliogopa. Akauliza, uliogopa nini? Nikasema nyinyi.

Mkalimani alisita kabla ya kutafsiri. Nadhani alitafsiri kweli, maana mkuu aliinua uso.

Wameniandikia onyo. Wamesema litakuwa kwenye faili langu. Kuhusu kibali hawajui, si idara yao. Nimerudi nyumbani kwa miguu sehemu ya njia. Mwenye kofia hayupo.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua nyepesi. Sikutoka.

Ofisa kapiga simu asubuhi. Salim na wenzake wamepatikana, wote, jana. Mmoja mkono umevunjika. Yule mwenye beji bado anatafutwa. Wanasafiri kesho. Kampa Sakina simu. Tumecheka zaidi kuliko kuongea, Kihindi changu kiliniishia mapema. Kasema kitu kirefu mwishoni, nikakosa kukielewa, na simu ikakatika.

Kibali bado. Wanjiru anasema nisifungashe mzigo mkubwa mpaka nijue.

Mchana nimempigia mume wangu Tanga. Sikuwa nimemwambia. Nimemwambia yote. Kaniuliza, "Alikuwa anakula vizuri lakini?"

Nikasema ndiyo. Alipenda wali.

"Alhamdulillahi," kasema. Tukabaki hivyo, simu wazi, namsikia akikohoa, na nyuma yake watoto wanagombania kitu.