Udongo wa Nyuma ya Jikoni

Pioneer, Eldoret
3 Mei 2024

Mwanangu Wabuge,

Habari za machimboni huko Ikolomani? Sisi tuko, tunashukuru Mungu. Joy wako ameanza kutambaa, hashikiki.

Tangu simu yako itumbukie shimoni, sina budi kuandika. Ile chupa ya dawa ya dhahabu uliyoangusha nyuma ya jikoni ulipokuja Pasaka, ulisema ni kitu kidogo. Sasa mvua ikinyesha naona matone yanang'aa kwa udongo, na Joy anayafuata na vidole. Nikifagia yanazidi kugawanyika. Mama Adero jirani anasema nichome. Mwenye plot anasema nimwage chooni. Mimi nimechanganyikiwa. Kwani udongo hutupwa wapi?

Mama yako

Ikolomani
10 Mei 2024

Mama mpendwa,

Natumaini mko salama. Mimi ni mzima.

Usifagie tena. Hiyo ni zebaki, ile tunafinyanga na mchanga kunasa dhahabu halafu tunaichoma, na ni sumu. Usichome, moshi wake ndio mbaya zaidi. Usimwage chooni wala mtoni. Mtoe Joy hapo leo. Vaa glavu na gambuti, lowesha udongo kidogo usitoe vumbi, uchote polepole na koleo. Tia kwa mfuko mzito wa nailoni, mfuko mwingine juu yake, halafu ndoo yenye kifuniko. Andika SUMU. Kisha ita watu wa mazingira, wao ndio wanajua pa kuupeleka.

Nisamehe, Mama.

Mwanao

Pioneer
21 Mei 2024

Wabuge,

Salamu nyingi. Joy yuko kwa dada yako Linah, mtaa wa West Indies hapa mjini. Amepimwa, hana neno.

Udongo nimeuchota wote. Watu wa mazingira walikuja, wakaandika, wakasema nifungie ndoo stoo mpaka gari lao maalum lije. Sielewi. Maisha yangu yote sijawahi kufungia udongo kufuli.

Halafu yule jogoo niliyekuwekea alikuwa akichakura palepale. Nimchinje ama nifanyeje? Na mbona mwandiko wako umepinda hivyo, kama wa mtoto wa nasari? Uliandika ukiwa juu ya pikipiki?

Mama

Ikolomani
2 Juni 2024

Mama,

Hujambo? Mimi sijambo. Jogoo msimle.

Hii imeandikwa na Mabonga, tunachimba naye. Mkono wangu unatetemeka kidogo, kalamu inaanguka. Ni baridi tu. Usiwe na wasiwasi, kazi imeshika, nitarudi Disemba.

Mwanao

Pioneer
7 Juni 2024

Mabonga mwanangu, msomee huyu mwenzako, na usiruke neno.

Wabuge, salamu tutapeana uso kwa uso. Nimekaa na barua yako nikishindwa kuelewa. Tone moja la hiyo kitu lilinivalisha glavu, nikafunga udongo mara mbili, nikaita serikali. Wewe unaifinyanga na mikono mitupu, unaichoma, unavuta moshi wake, halafu unaniambia ni baridi? Baridi gani hiyo, Wabuge?

Gari lilikuja jana likabeba ndoo. Jogoo nimemzuia kwa kizimba, hatachinjwa. Kwa hivyo naja bila kuku wa kukupikia, na naona aibu kama mama yeyote wa Kibukusu. Lakini naja. Ukisomewa hii niko njiani, na daktari hapa mjini anatungoja.

Nguo za kazi ziache huko. Viatu pia. Nakuletea zingine.

Mabonga, nimebeba zako pia. Najua nawe uko na mama.

Mama yenu