Nishani ya Mtu Aliyeliliwa

Jumatatu, 3 Juni 2024

Viti vimerudi kutoka msibani. Vinne vimevunjika miguu. Watu wakienda kulia hukaa kama magunia. Nimevifunga waya, Jumatano vinaenda msiba mwingine. Ndiyo kazi yangu tangu nistaafu jeshi: kukodisha turubai na viti hapa Kitaji, Musoma.

Mchana barua imefika. Nishani ya vita nimenyimwa. Wanasema rekodi inaonyesha nilitoroka kikosi wiki saba, wakati wa Vita vya Kagera, tukiwa tumeshavuka mpaka. Mtoro. Mimi, Maregesi.

Sikutoroka. Nilipigwa risasi ya paja nikaanguka kwenye shamba la migomba. Bibi mmoja wa kule akanificha, akanilisha, mpaka nikaweza kutembea na fimbo kurudi kikosini. Kovu ninalo. Wenzangu waliobaki hai wote wamevishwa. Hata mpishi kavishwa.

Mama Rebeka, mke wangu, anasema niache, nina presha na miaka sabini. Nimemwambia aende akapike. Nitakata rufaa. Wajukuu wangu wanajua babu alipigana. Sitaki siku nikifa mtu asimame aseme mtoro amelala.

Alhamisi, 6 Juni

Bunda, mtaa wa Nyasura, kwa Koplo Chacha, tuliyekuwa naye kombania moja. Amenenepa, anapumua kwa mdomo. Nishani yake ameitundika juu ya televisheni ili kila mgeni aione. Nimeiangalia mpaka chai ikapoa.

Ameniandikia ushahidi. Kwamba aliniona napigwa, naanguka. Kwamba baada ya hapo alikimbia bila kugeuka nyuma, hajaandika. Nimemshukuru. Simpendi hata kidogo.

Jumatatu, 10 Juni

Kamati ya rufaa, Musoma mjini. Mwenyekiti ni meja, mwanamke, umri wa binti yangu. Hana dharau. Hilo limeniudhi zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kugombana.

Kasema Chacha anathibitisha nilianguka. Hathibitishi zile wiki saba. Kisha akauliza kama jeshi lilipeleka taarifa ya kifo nyumbani kwetu. Kama lilipeleka, basi kikosi chenyewe kilinihesabu nimepotea vitani, na utoro unafutika hapo hapo. Karatasi hazikupatikana. Kasema nilete mtu aliyepokea habari ile kwa masikio yake.

Nilikaribia kucheka. Mtu ninaye. Hata kaburi ninalo.

Kwetu Butiama mtu akifia mbali na mwili usirudi, huzikwa mgomba badala yake. Mimi nilizikwa hivyo, nikiwa hai. Walinilia, wakanyoa. Halafu kaka yangu Magesa akamrithi mke wangu, Nyangeta. Nilipopata likizo, miezi mingi baadaye, nilimkuta ana mimba ya Magesa. Nilimwona nikiwa uzioni, nikageuka. Magesa akanikimbilia njiani akanieleza: askari wawili walikuja na habari ya kifo, yeye ndiye aliyewapokea. Basi sikumpiga. Kosa lilikuwa la jeshi, na kurithi ni mila. Nilikuja Musoma, nikaoa tena, nikawa simtembelei. Lakini sikuwahi kumwita mwizi.

Jumamosi, 15 Juni

Butiama. Kaka kanisimamisha nje ya uzio kama mnyama wa mnadani.

"Ngoja hapo hapo, mdogo wangu. Wewe ulishaliliwa. Mpaka achinjwe kondoo wa kukutakasa."

Jua la saa sita. Kondoo mwenyewe alikuwa hajakamatwa. Watoto wakimkimbiza, mimi nimesimama na suti. Miaka arobaini na mitano sijakanyaga pale, na wamenifanya nisubiri kondoo.

Nilipoingia nikafurahi kidogo. Magesa amevimba miguu, haiingii kiatu chochote. Anabebwa kupelekwa chooni. Nikamwambia pole, kwa mdomo.

Kaburi langu ni rundo la mawe nyuma ya zizi. Mbuzi walikuwa wamelala juu yake. Sikuhisi kitu. Labda aibu.

Kaka amekubali haraka sana. Askari wawili, ndiyo, anakumbuka. Ila safari haiwezi, atamtuma Nyangeta, alikuwepo siku zote za msiba. Kwa sharti kwamba niseme mbele ya wazee wa ukoo sina kinyongo naye. Nikasema. Ningesema hata kwamba nampenda.

Nyangeta alileta maji ya kunawa. Amekuwa bibi mfupi, mkavu. Hakuniangalia usoni. Nami nilinawa nikiangalia beseni.

Jumapili, 16 Juni

Kanisani. Mahubiri ya kusameheana. Nikasinzia.

Jumanne, 25 Juni

Suti imepigwa pasi. Mama Rebeka kaipiga, kaunguza kola. Anasema bahati mbaya. Nimemwita mjinga. Kasema mjinga ni mzee anayetafuta bati la kuvaa kifuani huku anamtoa mke wa zamani Butiama kuja kumsemea. Hatujala pamoja usiku huu.

Kesho saa tatu.

Jumatano, 26 Juni

Nimempokea Nyangeta stendi. Kitenge kipya, viatu vya kuazima, vinambana. Sikuuliza habari za safari. Nilimwambia kitu kimoja tu: sema askari wawili walikuja, Magesa akawapokea. Akajibu, "Nitasema." Tukatembea hadi ofisini, mimi mbele.

Mwenyekiti alimpa kiti. Akamwapisha. Akamuuliza kwa upole nani alileta habari ya kifo.

Naandika alivyosema, nisije nikajidanganya baadaye.

"Askari sikuwaonaga, mama. Hakuna aliyekuja. Magesa alitoka mnadani jioni, akasema Maregesi kafa. Nikanyolewa kesho yake. Tukazika mgomba. Baadaye huyu akarudi mzima, akasimama kwenye uzio, akaniangalia tumbo, akageuka. Ndipo nikajua nimedanganywa. Nikasema moyoni, atarudi aniulize. Hajaniuliza. Miaka yote nakuwaga nangoja mtu aniulize ilikuwaje. Leo mmeniuliza nyie."

Karani aliacha kuandika.

Mwenyekiti akanigeukia, kama nina swali kwa shahidi. Nikasema sina.

Nje nilimwacha kwenye ngazi. Nilitembea mpaka ziwani, nikakaa kwenye mawe na suti yangu. Wanawake walikuwa wanaanika dagaa. Mmoja akaniuliza mzee umefiwa. Nikamtukana. Mama wa watu hakuwa na kosa lolote.

Namchukia Nyangeta. Neno moja tu lingetosha. Askari. Angelisema, ningekuwa na nishani yangu, na Magesa angekufa na jina lake safi, na yeye angerudi nyumbani kwake. Wote tungefaidika. Kaninyima kwa makusudi, kaapa kwanza, halafu kasema kweli.

Alhamisi, 27 Juni

Nimempigia Magesa. Nilitaka akane. Nilikuwa tayari kumwamini akikana, hiyo ndiyo aibu yangu.

Hakukana. Kakohoa, kasema, "Vitani watu wanakufaga, mdogo wangu. Nilijua utakufa tu. Mimi nilitangulia kidogo."

Nikamwambia Mungu aupandishe uvimbe wa miguu yake mpaka shingoni. Nikakata.

Miaka arobaini na mitano nililichukia jeshi kwa kitu ambacho jeshi halikufanya. Nilikataa kwenda hata kwenye mazishi ya kamanda wangu. Na huyu nilikuwa namtumia salamu za Krismasi.

Jumanne, 2 Julai

Uamuzi umetoka. Rufaa imekataliwa. Hakuna ushahidi kwamba kikosi kilinihesabu nimepotea vitani. Rekodi ya utoro inabaki ilivyo. Ni uamuzi wa mwisho.

Meja alinishika mkono kwa mikono miwili. Nadhani ananiamini. Haisaidii kitu. Nilimwonyesha kovu, pale pale ofisini, suruali magotini. Akaangalia pembeni. Karani kijana akanisaidia kufunga mkanda. Sijawahi kujidharau hivi.

Nyumbani mjukuu kauliza nishani iko wapi, kwani mama yake alishamwambia babu anaenda kuvishwa. Nikamwambia babu yako ni mtoro. Akacheka, akadhani utani. Mama Rebeka akamtoa nje.

Jumatano, 10 Julai

Magesa kapiga simu saa ya chakula. Analia. Nyangeta kaondoka. Alirudi kutoka Musoma, akapika siku chache, halafu akafunga nguo zake akahamia Bunda, kule Nyasura, kwa binti yake wa mwisho. Wazee wamekwenda kumbembeleza, kakataa kutoka ndani. Magesa anauliza nani atamwosha. Anauliza kama naweza kumsemea, eti mimi atanisikiliza.

Nimeiweka simu mezani, imefunguliwa, nikaendelea na ugali na sato. Alilia mpaka nikamaliza kula. Mchuzi ulikuwa mzuri.

Mama Rebeka alikuwa anasikia. Aliponawa mikono akauliza, polepole, "Sasa utaenda kumchukua?"

Nikamwambia nimchukue wa nini, bibi mkavu kama ukuni, mwenye kuniharibia. Akasema, "Sikuuliza yukoje. Nimeuliza kama utaenda."

Kaenda kulala kwa wajukuu. Mwanamke huyu nimekaa naye miaka yote hii na leo ndiyo nimeona kwamba alikuwa anaogopa.

Jumatatu, 15 Julai

Sina usingizi. Sifikirii nishani. Ningependa kuifikiria, ni nyepesi zaidi.

Nafikiria yule mama mtu mzima aliyeapa huku viatu vinambana. Nilidhani alikuja kwa ajili yangu, au kwa ajili ya Magesa. Alikuja kwa ajili yake mwenyewe. Bado nina hasira naye. Lakini hasira yenyewe haina pa kushika.

Jumamosi, 20 Julai

Nilimwambia Mama Rebeka ukweli: naenda Nyasura, narudi jioni. Alinifungashia dagaa za kupeleka. Sikutegemea.

Nyumba ya binti yake ina uwanja mdogo, umefagiliwa. Nyangeta alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua maharage. Peku. Njia nzima nilikuwa nimepanga swali. Si la askari. Nilitaka kumuuliza kama siku ile pale uzioni, ningemwita, angetoka na tumbo lake tukaondoka wote.

Aliniona getini. Hakushtuka. Alisogeza beseni, akanivutia kigoda.

"Karibu, shemeji."

Nikakaa. Binti akaleta chai. Nyangeta akaniuliza hali ya Mama Rebeka, nikasema mzima, katuma dagaa hizi. Akazipokea kwa mikono miwili, akasema nimshukuru sana. Akaendelea kuchambua. Nikamaliza chai, nikaaga bila kuuliza kitu, nikapanda gari la saa tisa.