Nilivyomchokoza Mpare Nikapandishwa Ngazi

Mbagala, Temeke

Dada Nyamizi,

Shikamoo. Ipokee ukiwa umekaa, maana nasikia goti lako siku hizi lina kiburi kuliko mwenyewe. Limepoa? Na ile mizinga ya asali kule porini, wajukuu wanaikagua au wanangoja nyuki wawaletee nyumbani? Mie sijambo. Meno yamepungua, maneno hayajapungua.

Uliniuliza kwa simu nafanya kazi gani, nikakujibu, ukakata ukidhani nakutania. Ni kweli tupu. Hapa shirikani naitwa Mshauri Mwandamizi wa Sera na Utendaji, Haki za Watoto. Mie huyuhuyu niliyeishia darasa la nne kwa sababu ng'ombe wa baba hawakujua kujichunga. Kazi yenyewe ni hivi: mtoto akikamatwa, tunakaa na polisi, ofisa ustawi wa jamii, aliyekosewa na wazazi, tunaangalia kama jambo linaweza kuisha bila mahakama. Kisha tunaandika mwongozo ili vituo vingine navyo vifanye hivyo. Wenye digrii wanaandika, mie nawaambia watu wa mitaani watacheka wapi na watanuna wapi. Nilipokuwa mjumbe wa nyumba kumi kule Vingunguti nilikuwaga nasuluhisha wachinjaji wenye visu viunoni, na hicho ndicho kilichonipa cheo. Nakiweza, lala usingizi.

Sasa nikupe ya majuzi. Kuna kijana anaitwa Hamisi, ana miaka kumi na tano, analelewa na bibi yake hapahapa Mbagala, Wazaramo wa asili. Alikuta bajaji ya jirani ina funguo, akaiwasha, akazunguka nayo mtaani kama waziri, mwisho akaingia nayo kwenye banda la chipsi la Mama Rehema. Hakuumia mtu, ila banda likawa kuni. Mwenye bajaji alishasamehe, akabaki mama. Akiridhia, kijana anarudi kwa bibi yake na shuleni. Akikataa, anaingia mahabusu ya watoto kungoja kesi. Na tangu akamatwe hakuna aliyemtoa neno mdomoni, si polisi, si ofisa ustawi, wala bosi wangu Sista Joyce, ambaye sauti yake ingembembeleza hata mamba.

Siku ya kikao, pale ofisi ya kata, wote wamenuna, Hamisi naye kainama pembeni ya bibi yake. Nikamtazama Mama Rehema: baibui, lafudhi ya pwani, na pembeni mumewe Mzee Pazi, Mzaramo ukimwona tu. Nikajua nimefika kwa watani zangu. Si unajua sie Wanyamwezi na Wazaramo tunavyotukanana hata msibani na hakuna anayekasirika? Nikaanza. Nikamwambia, mtani, unalilia banda, Wazaramo lini mkajenga kitu kikasimama, mtoto kakusaidia kubomoa, ungemshukuru.

Mama Rehema akanigeukia na kiti chake. 

"Mie Mpare," mama akasema taratibu. "Mzaramo ni huyu mume wangu. Kesi iende mahakamani, na wewe nakuongeza humohumo."

Dada, makabila yote ya nchi hii, nikamchokoze Mpare, watu wanaosifika kwa kupenda kesi, tena kesi ikiwa mkononi mwake. Akashika mkoba, akasimama. Bibi yake Hamisi akaanza kulia. Sista Joyce akanitazama kwa jicho ambalo halimo kwenye mwongozo wowote.

Mzee Pazi ndiye aliyetuokoa. Alicheka mpaka kofia ikamtoka, halafu akakaza uso. Akasema mtani ni yeye, kwa hiyo tusi ni lake, na mtani aliyetukana pasipo pake lazima aadhibiwe. Ila adhabu akampa mkewe aichague. Mama akakaa, lakini kwenye ncha ya kiti.

"Mtoto kavunja mbao, wewe mzee umevunja heshima," akasema. "Mtanijengea nyie wawili. Likisimama, nasamehe. Na wewe ndo utaanza kupanda juu."

Nikakubali kabla hajabadili nia.

Jumamosi tukaanza, kwa mbao alizotoa mjomba wake Hamisi. Mshauri Mwandamizi juu ya ngazi, misumari mdomoni, wauza samaki wananipigia makofi. Nikagonga kidole. Nikagonga tena kilekile. Ndipo sauti ikatoka chini, inakwaruza kama redio iliyokaa sana bila betri:

"Mtani, shuka. Wanyamwezi mmezaliwa kubeba mizigo, kugongelea hamuwezi. Lete nyundo."

Nilishuka mbio, goti langu halina kiburi kama lako. Baada ya hapo Hamisi alisema mpaka adhana ya alasiri. Kwamba alidhani atairudisha bajaji kabla mwenyewe hajatoka kuswali. Kwamba polisi hawaogopi, anamwogopa bibi yake akilia. Mama Rehema alikuwa kwenye kiti anatusimamia, akayasikia yote. Jioni akaishika nguzo kwa mikono miwili, akaitikisa, ikagoma. Akamwambia ofisa ustawi alete karatasi asaini. Hamisi akapewa sahani ya chipsi na mayai. Mie nikapewa chipsi bila chumvi.

Kwenye mwongozo Sista Joyce ameingiza kifungu kwamba mzee wa kikao aulize kwanza mtu kwao wapi ndipo atanie. Mie nimeongeza kwamba akikosea, apande ngazi mwenyewe. Wamebishana, kimepita. Wenzangu wakikosea yanaishia hapo, la kwangu limekuwa sera.

Nisalimie shemeji, mwambie apunguze ugoro. Nisalimie mwanangu Kulwa anayehangaika na tumbaku, na mama mkwe wake anayeomba nisirudi. Naishia hapa kwa sababu Hamisi yuko mlangoni na nyundo yake. Kaona banda linahitaji kibaraza, na hajatumwa na mtu.

Mdogo wako unayemjua,
Msabila