Namba Yako Kwenye Fomu ya Ineza

Mama,

Namba yako bado inapatikana. Nakuambia hili kwanza, kwa sababu ndilo lililonikalisha kwenye meza yako ya kukatia vitambaa.

Naandika kwa Kiswahili chako cha Bujumbura ulikokulia, ulichotusemesha ndani ya nyumba wakati mtaa mzima wa Nyakabanda unaongea Kinyarwanda. Tangu uondoke sina wa kuzungumza naye. Ineza, mdogo wangu, hunijibu kwa Kinyarwanda, nami naacha sentensi zangu zife mdomoni.

Amemaliza sekondari. Sasa ni mimi ninayejaza naye fomu za vyuo, kama ulivyokaa na mimi. Hukujua Kiingereza cha fomu zile, lakini ulinilazimisha nikusomee kila jibu kwa Kiswahili huku unashona. Nilipoandika jibu la kujipamba, cherehani ilinyamaza. Hukugeuka. Ulisema tu, "Huyo ni nani? Simjui, mtoe nyumbani kwangu." Nilifuta huku nacheka.

Kwa Ineza sikufanya hivyo. Nilikuwa na neno lako. Wiki ile ya mwisho hospitalini ulimwambia muuguzi aliyekuchoma sindano vibaya, "Ngoja, huyu mdogo atakuwa daktari, atakuja kuwafundisha kazi." Muuguzi alicheka. Wewe ulicheka mpaka ukakohoa. Mimi sikucheka, niliyaweka maneno yale kama wosia. Basi nikamwandikia maelezo yake yote, kuanzia "Tangu utotoni nimetamani kutibu watu." Aliyasoma, akasema, "Ni mazuri, dada," akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Jana ilikuwa Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Maduka yamefungwa, majirani wako nje na majembe wakizibua mitaro. Ineza alienda kwa niaba ya nyumba. Mimi nikabaki na kompyuta. Fomu iliuliza namba ya simu ya mzazi. Niliandika yako. Vidole viliandika vyenyewe, Mama, tarakimu zote, kama kwenye kila fomu ya shule tangu utotoni. Nikabonyeza. Ikajibu kwamba mzazi ametumiwa namba ya siri ya kuthibitisha.

Ndani ya kopo lako la vifungo, simu yako ikatetemeka.

Huwa naichaji kila Jumapili na kuiongezea salio kidogo, laini isikatwe. Sijawahi kufungua ujumbe hata mmoja, niliogopa. Na sauti ile, vifungo vikigongana ndani ya kopo, ilikuwa wewe kabisa, unatafuta kimoja cha kufanana na koti la mtu. Nilisema, "Mama?" Nilisema kwa sauti.

Nilifungua kutafuta namba ile. Nikakuta jumbe za Ineza, nyingi, za mwaka mzima. Kwa Kiswahili. Kile chake cha kuvunjikavunjika, ambacho mimi hanipi.

"Mama leo nimepika isombe, iko na chumvi mingi, ungenicheka."

"Mama, dada anakohoa kama wewe. Naogopa."

"Mama, mimi sitaki udaktari. Hospitali iko na harufu ya siku ile. Mwambie dada. Wewe atakusikia."

Cherehani yako ipo palepale dirishani. Imenyamaza tangu ulipotutoka, najua. Lakini jana ilinyamaza kama zamani, nyuma ya mgongo wangu, nikiwa katikati ya uongo.

Ineza aliingia na matope hadi magotini. Akaiona simu mkononi mwangu. Hakushtuka. "Nilijua unaichaji," alisema. "Nilikuwa nangoja uifungue."

Mwaka mzima, Mama. Mwaka mzima alikuwa anaongea na mimi.

Nikamuuliza anataka nini. Akaitazama miguu yake. "Maji," alisema. Unakumbuka mvua iliyoingia sebuleni ikalowesha magauni ya harusi uliyokuwa unashona, na yeye, mtoto wa miaka tisa, akachukua jembe refu kuliko yeye akachimba mfereji nyuma ya nyumba? Ulimwambia, "Fundi wangu, umeniokoa." Mfereji ule bado unafanya kazi. Anataka kusomea uhandisi wa maji, na mimi nilikuwa naukanyaga mfereji huo kila asubuhi.

Leo baada ya misa ameandika mwenyewe. Nilimwomba anisomee, kwa Kiswahili. Nikaketi kwenye kiti chako, nikaweka kipande cha kitenge chini ya sindano, nikaanza kukanyaga. Unajua sijui kushona; mshono ulienda kombo vibaya. Alisoma, alikwama, alitafuta maneno, akaendelea mpaka mwisho. Cherehani haikunyamaza.

Fomu tumeituma. Penye mzazi pana jina langu na namba yangu. Majina yetu hayafanani hata kidogo, kila mmoja ulimpa lake, kwa hiyo nimeambatanisha karatasi ya kuonyesha kwamba ulituzaa wewe. Hawajatujibu. Wanaweza kumkataa.

Simu yako nimeizima. Nimeirudisha kwenye kopo, katikati ya vifungo. Usidhani nimekufukuza, Mama. Lala tu, sasa tutaongea sisi kwa sisi, na kwa Kiswahili chako.

Kikohozi changu hakijaisha. Nakuahidi kesho asubuhi nitaenda hospitali kupimwa, hata kama harufu ile iko mlangoni. Kuna mtoto hapa ambaye mzazi wake ni mimi.

Binti yako mkubwa